Kupima Mwendo wa Galaksi za Jirani kwa Data za Maikrowevu: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Laptopu Tu

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi wa fizikia wa Mbarara, Makerere na Gulu hayapishani sana. Ramani imepakuliwa, programu imefanya kazi bila kulalamika, lakini jibu halikaribii hata kidogo lile la vitabuni. Huyu kapata kasi ndogo ya kuchekesha. Yule kaambiwa na hesabu zake kwamba galaksi ya Andromeda inatujia kwa karibu kilomita 600 kwa sekunde. Mwingine yuko juu ya bati anageuza dishi la televisheni.

Karibu wote wanajikwaa mahali pamoja. Mnururisho wa maikrowevu unaojaza anga lote, ambao humu nitauita mandharinyuma, hauoneshi galaksi fulani inaelekea wapi. Unaonesha sisi tunaelekea wapi. Upande tunaouendea unaonekana una joto kidogo zaidi, na upande tunaouacha una baridi kidogo zaidi. Kasi yetu ikishajulikana, tunaiondoa katika kipimo cha kila galaksi, na kinachobaki ndicho mwendo wa galaksi yenyewe. Hatua zote hapa chini zinafuata wazo hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi.
- Python pamoja na maktaba za healpy (humu naiita hp), numpy (humu np) na astropy. Kwa Windows, healpy husumbua kusakinishwa moja kwa moja. Tumia WSL, yaani Linux ndani ya Windows, au fanya kazi yote kwenye Google Colab kupitia kivinjari.
- Ramani ya setilaiti ya Planck ya gigahezi 70 au 100, toleo la PR4, ambalo pia huitwa NPIPE. Inapatikana bure kwenye hifadhi ya Planck ya shirika la anga la Ulaya, ESA.
- Kasi za galaksi kutoka NED, hifadhidata ya galaksi ya NASA iliyoko mtandaoni.
- Umbali wa galaksi kutoka mkusanyo wa Cosmicflows-4, wenye galaksi 55,877.
- Bando la kutosha. Faili la ramani lina mamia ya megabaiti, kwa hiyo lipakue usiku kwa bando la bei nafuu, au mmoja wenu alipakue kisha mgawane kwa flashi.

Darubini haihitajiki, wala dishi. Tofauti ya joto tunayoitafuta ni kelvini 0.00336. Hewa yenye unyevu juu ya Kampala inatoa mnururisho wa kelvini kadhaa, na unabadilika kila wingu linapopita. Kipokezi cha dishi nacho kinaongeza makumi ya kelvini. Dishi hilo linaweza kukuonesha Jua vizuri kabisa. Kwa kazi hii, shuka tu kwenye bati.

## Hatua ya 1: Hakikisha ramani yako bado ina daipoli

Daipoli ndiyo ile hali ya upande mmoja wa anga kuwa na joto na wa pili kuwa na baridi. Wengi wanaanguka hapa kwa sababu ramani nyingi zinazopatikana kirahisi zimeshaondolewa daipoli. Ramani za setilaiti ya WMAP na zile za Planck za toleo la 2018, PR3, zimesafishwa hivyo makusudi, kwa kuwa watafiti wengi wanatafuta mabaka madogo zaidi. Kutafuta daipoli humo ni kutafuta kitu ambacho kimeshafutwa. Utapata masalio ya sehemu chache tu za milioni za kelvini moja, ukizigeuza kuwa kasi unapata upuuzi, na programu haitakuonya kwa sababu kwake hakuna kosa lolote.

Ramani za PR4 zimebaki na daipoli inayotokana na mwendo wa Jua. Kilichoondolewa ni ile ndogo ya Dunia kulizunguka Jua. Dunia huenda kilomita 30 kwa sekunde, na hilo peke yake huleta tofauti ya takriban kelvini 0.00027 inayogeuka mwelekeo mwaka mzima. Kwa hiyo usije ukaitoa mara ya pili.

Dalili ya kufaulu: chora ramani kwa hp.mollview, ukiweka kiwango cha rangi kati ya −0.004 na 0.004. Nusu ya anga iwe na joto, nusu iwe na baridi, na mkanda wa Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, ukatize katikati. Ukiona mkanda na madoadoa tu, faili si lenyewe.

## Hatua ya 2: Ipunguze ramani

Ramani ya Planck ya kiwango cha 2048 ina pikseli zaidi ya milioni 50. Daipoli imetanda anga zima, haihitaji utondoti huo. Ishushe hadi kiwango cha 64, ambacho kina pikseli 49,152:

ramani = hp.read_map("faili.fits", field=0)
ndogo = hp.ud_grade(ramani, 64)

Hifadhi hiyo ndogo mara moja. Itakuwa na ukubwa wa chini ya nusu megabaiti, na hata umeme ukikatika hutarudia kulisoma lile kubwa. Pia unaweza kumtumia mwenzako kwa WhatsApp bila kumla bando.

## Hatua ya 3: Ifunike Njia Nyeupe, kisha pima

Galaksi yetu nayo inang'aa kwa maikrowevu: vumbi lake katika masafa ya juu, elektroni zake katika masafa ya chini. Ndiyo maana nimekushauri gigahezi 70 au 100, ambako uchafu wa pande zote mbili ni mdogo. Gigahezi 545 na 857 ziache kabisa. Huko vumbi linatawala.

Hata hivyo mkanda wenyewe lazima ufunikwe. Amri hii inaacha nje nyuzi 30 kila upande wa mkanda:

wastani, vekta = hp.fit_dipole(ndogo, gal_cut=30)
kimo = np.linalg.norm(vekta)
l0, b0 = hp.vec2ang(vekta, lonlat=True)

Jaribu pia nyuzi 20 na 40. Jibu likiyumba sana unapobadilisha, mwanga wa Njia Nyeupe bado unaingia.

Onyo: healpy inakupa pia wastani wa ramani. Usiutumie. Planck haikuundwa kupima joto lenyewe la anga, ilipima tofauti tu, hivyo wastani huo hauna maana kwetu. Nimeona kazi ambamo kimo cha daipoli kimegawanywa kwa wastani huo, na kasi ikapita kasi ya mwanga.

Dalili ya kufaulu: kimo kati ya kelvini 0.0033 na 0.0034, longitudo ya Galaksi karibu na nyuzi 264, latitudo karibu na 48. Kwa njia hii rahisi, kupishana kwa uzi mmoja au miwili ni kawaida. Kipimo rasmi cha Planck ni kelvini 0.00336208, kuelekea longitudo 264.021 na latitudo 48.253.

## Hatua ya 4: Geuza joto kuwa kasi

Gawanya kimo kwa joto halisi la mandharinyuma, kelvini 2.7255, lililotokana hasa na kifaa cha FIRAS cha setilaiti ya COBE. Zidisha kwa kasi ya mwanga, kilomita 299,792.458 kwa sekunde. Kwa namba rasmi unapata kilomita 369.82 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya Jua, na sisi ndani yake, kulinganisha na mandharinyuma.

Mwelekeo ni ule wa upande wenye joto. Sehemu hiyo iko mpakani mwa makundinyota ya Asadi (Leo) na Batiya (Crater), takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta ya anga. Sisi tuliokaa juu ya ikweta tuna bahati: kutoka Kampala sehemu hiyo hupita karibu kabisa na utosi. Katikati ya Aprili inafika huko mnamo saa nne na nusu usiku, mvua zikikuruhusu kuona nyota. Hutaona kitu chochote cha pekee pale, lakini utajua Jua linatupeleka upande upi.

## Hatua ya 5: Chukua kasi za galaksi, na ujue zimepimwaje

Kasi nyingi za galaksi za jirani zimepatikana kwa mstari wa hidrojeni wa sentimita 21, ambao ukiwa umetulia una masafa ya megahezi 1420.406. Galaksi ikikimbia, masafa yanashuka. NGC 253, kwa mfano, inaonekana karibu na megahezi 1419.25, na hiyo ni kilomita 243 kwa sekunde kwenda mbali nasi.

Kuna njia mbili za kuandika kasi hiyo. Wanaastronomia wa redio wengine hugawanya badiliko la masafa kwa masafa ya asili. Wale wa mwanga wa kawaida hugawanya badiliko la urefu wa wimbi kwa urefu wa asili. Kwa galaksi ya kilomita 1,600 kwa sekunde, njia hizo zinapishana kwa kilomita 8 au 9. Si balaa, ila usizichanganye ndani ya jedwali moja. Katika NED chukua kasi iliyorejeshwa kwenye Jua, na unakili viwianishi vya Galaksi, si vile vya ikweta.

Hilo la viwianishi lipe dakika zako. Ramani ya Planck iko katika viwianishi vya Galaksi. Ukiingiza vile vya ikweta, yaani kupaa na mteremko (RA na Dec), mahali pa longitudo na latitudo, kila namba itakuwa na sura nzuri na kila namba itakuwa na makosa. Kama ulichonacho ni viwianishi vya ikweta, astropy itakugeuzia kwa mstari mmoja.

## Hatua ya 6: Hamisha kasi kwenda kwenye mandharinyuma

Kwa kila galaksi yenye longitudo l na latitudo b:

V mpya = V ya kwenye Jua + 369.82 × [sin b × sin b0 + cos b × cos b0 × cos(l − l0)]

Tunajumlisha, hatutoi. Galaksi iliyo mbele yetu tunaikimbilia, hivyo tukiipima tunaona kasi yake ya kuondoka imepungua. Lazima turudishe kilichopungua. Na kumbuka numpy husoma pembe kwa radiani. Usipotumia np.radians, formula itakutoa njiani bila kukuambia.

Linganisha na majibu haya kabla ya kuendelea:

- NGC 5128 ya Kentauri: l 309.52, b 19.42. Kutoka 547 kwenda 802.
- NGC 253: l 97.37, b −87.96. Kutoka 243 kwenda −41.
- M87 ya Virgo: l 283.78, b 74.49. Kutoka 1284 kwenda 1612.
- Andromeda: l 121.17, b −21.57. Kutoka −300 kwenda −584.

Zote ni kilomita kwa sekunde. Ukipishana kwa moja au mbili, ni ukadiriaji wa desimali.

Sasa hapa ndipo swali la Andromeda huzaliwa. Je, kweli inatujia kwa kilomita 584 kwa sekunde? Haitujii hivyo. Hata ile −300 sehemu yake kubwa inatokana na Jua kuzunguka kitovu cha Njia Nyeupe, na kwa sasa tunazunguka kuelekea upande ule. Na −584 inasema jambo tofauti: Andromeda inasafiri pamoja nasi kupita mandharinyuma, na sisi tumesimama katika hesabu hii mahali ambapo safari hiyo inaonekana kama kuja. Abiria wawili wa basi moja la Mbarara wanapita miti kwa kasi ileile, ila hakuna anayemkaribia mwenzake. Ukitaka kujua nani anamkaribia nani ndani ya basi, miti haikusaidii.

Kwa hiyo, galaksi za ndani ya familia yetu, yaani Kundi Janibu lenye Njia Nyeupe, Andromeda, M33 na ndogondogo nyingi, usizitangazie kasi ya mandharinyuma kana kwamba ndiyo kasi ya kutujia au kutukimbia.

## Hatua ya 7: Ondoa upanuzi wa ulimwengu

Galaksi iliyo nje ya Kundi Janibu inabebwa na upanuzi pia. Zidisha umbali wake kwa namba ya Hubble na utoe. Hapa nitatumia 70, yaani kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megapaseki. Megapaseki moja ni miaka nuru milioni 3.26, ukiona umbali wako una mamilioni, umesahau kugeuza.

NGC 5128 iko takriban megapaseki 3.7: upanuzi ni 259, na inabaki 543. NGC 253 iko takriban 3.5: upanuzi ni 245, na inabaki −286. Kinachobaki ndicho kasi ya ziada. Andromeda haitolewi kitu, kwa kuwa imefungwa nasi na mvutano na haibebwi na upanuzi.

Onyo kubwa: usikimbilie galaksi za mbali. Umbali uliopimwa kwa mzunguko wa galaksi una shaka ya takriban asilimia 20. Katika megapaseki 50, hiyo ni megapaseki 10, sawa na kilomita 700 kwa sekunde, na kasi ya ziada unayoitafuta inazama humo mzima mzima. Katika megapaseki 3.5, umbali mzuri wenye shaka ya asilimia 5 unakuletea kosa la kilomita 12 tu.

M87 inaonesha tatizo lingine. Kwa megapaseki 16.5, namba ya Hubble ya 67.4 inaacha kasi ya ziada ya 500, na ile ya 74 inaacha 391. Kwa NGC 253 mabadiliko hayohayo yanasogeza jibu kwa kilomita 23 tu. Ukaribu unakuokoa na ule ugomvi wa namba ya Hubble ambao wakubwa wenyewe hawajaumaliza.

## Hatua ya 8: Tafuta mwendo wa Kundi Janibu na ulinganishe

Jua lina mwendo wake ndani ya Kundi Janibu: karibu kilomita 299 kwa sekunde kuelekea longitudo 98.4, latitudo −5.9. Chukua vekta ya Jua kwenye mandharinyuma, toa vekta hiyo. Kwa vipande vya x, y na z unapata 17.8, −539.1 na 306.7. Ukubwa wake ni kilomita 620 kwa sekunde, kuelekea longitudo 271.9 na latitudo 29.6.

Wengi hushangaa kwamba jibu ni kubwa kuliko 369.82. Sababu ni kwamba Jua, katika kuizunguka Njia Nyeupe, kwa sasa linaenda karibu kinyume na safari ya kundi zima.

Sasa angalia kivuli cha 620 hiyo upande wa kila galaksi, kwa formula ileile ya hatua ya 6 ukibadilisha kasi na mwelekeo. Upande wa NGC 5128 ni 505. Upande wa NGC 253 ni −325. Toa kwenye kasi za ziada: ya kwanza inabakiwa na 38, ya pili na 39. Galaksi mbili zilizo pande tofauti kabisa za anga, moja ilikuwa na 543 na nyingine −286, na tukiondoa safari yetu zinabaki na chini ya kilomita 40 kila moja. Kwangu hii ndiyo namba tamu kuliko zote katika zoezi hili. Ujirani wote unahama kwa pamoja.

Andromeda nayo: −584 ukiondoa −550, inabaki −34. Mwanafunzi aliyekuja na karibu 600 ajibiwe kwa mstari huo.

## Hatua ya 9: Acha galaksi nyingi ziseme zenyewe

Mbili hazitoshi kwa ripoti. Kusanya galaksi za kati ya megapaseki 1.5 na 5 zenye umbali mzuri, zilizotawanyika pande zote za anga. Nyuma ya mkanda wa Njia Nyeupe utakosa nyingi, na hilo halina dawa. Mahali penye kundi, kama ndogondogo zinazoizunguka NGC 5128, chukua wastani wa kundi badala ya kila moja. Zina mizunguko yao inayovuruga hesabu.

Tengeneza jedwali N ambalo kila mstari una cos b × cos l, cos b × sin l na sin b, na orodha v ya kasi za ziada. Kisha:

V = np.linalg.lstsq(N, v, rcond=None)[0]

Dalili ya kufaulu: ukubwa wa V uwe karibu na 620, na mwelekeo uwe jirani na longitudo 272, latitudo 30. Nyuzi kumi za tofauti zisikukoseshe usingizi. Ujirani una mikondo yake midogo.

Jibu likikataa, lenyewe huonesha kosa lilipo. Ukipata karibu 300 kuelekea longitudo 278, latitudo 6, umetumia kasi za kwenye Jua na kuiruka hatua ya 6. Ukipata karibu 260 kuelekea kusini, latitudo −71, ulitoa pale ulipotakiwa kujumlisha. Na ukipata mamilioni, fungua safu ya umbali uangalie kama umeiandika kwa miaka nuru.